Papa Ephraïm, Rada, na Nyumba Iliyokuwa Inashuka

Tarehe 30 Juni 2025, Papa Ephraïm Kalonda anaagana na biro yetu ya vipimo vya ardhi, hapa Kindu, baada ya miaka thelathini na moja. Biro itapoa, na sukari ya chai sasa itafika mwisho wa mwezi.

Alianza 1994 akibeba vigingi. Vita vilipotufikia 1998, alivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli na mashine yetu pekee ya kupimia, akaifukia uani kwa mama mkwe wake. Ili waporaji wasichimbe, yule mama akalia juu ya kifusi, akidai ni kaburi la shemeji. Alilia vizuri mno: majirani wakaja kuhani, wakakaa matanga siku tatu. Mashine ilifukuliwa ikiwa nzima.

Mwaka 2019 alitumwa kusoma kaskazini ya mbali, ambako ardhi imeganda kwa barafu, na barafu ikiyeyuka nyumba huinama. Huko setilaiti hupiga ardhi kwa mawimbi ya rada, kisha hurudi baada ya siku kumi na mbili na kupiga tena. Ukilinganisha picha mbili, unaona ardhi iliposhuka, hata sentimita moja. Alirudi na ujuzi huo, pamoja na koti la manyoya alilolivaa biro Jumatatu nzima huku jasho likimtiririka, ati tuone ushahidi.

Sisi hatuna barafu, tuna mvua na makorongo. Miaka miwili iliyopita rada ilionyesha parseli ya Mama Halima, kiwanja chake kule Mikelenge, inashuka kuelekea korongo. Mama Halima akakataa kuhama. Alisema kitu kinachopita juu ya mawingu hakiwezi kujua jiko lake kuliko yeye. Basi Papa Ephraïm akachukua kiti, akaketi mlangoni pake kama mgeni, na mgeni kwetu hupewa chakula. Siku ya kwanza alimaliza bugali na sombe ya majani ya muhogo. Siku ya pili, samaki wa nyumba nzima. Siku ya nne Mama Halima alitangaza mtaani kwamba kuhama ni nafuu, akafunga virago, akahamia na watu wake wote kwa dada yake.

Siku tisa baadaye, mvua ya alfajiri iliibeba nyumba yote korongoni.

Tulikuwa tumemcheka sana. Mimi njo niliyemwambia aache kujiaibisha mbele ya watu. Nilikosea, Papa, na ninaona haya mpaka leo.

Asante kwa kazi yako. Upumzike, ule vizuri, Mungu akuzidishie miaka. Viti kumi na kimoja vya mbele tumewawekea watu wa nyumba ile. Wote wanakuja.