Clifford Sugden na Nguzo ya Tatu

Clifford Sugden, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 huko Sowerby Bridge, Yorkshire, mtoto wa mwisho wa mfuma sufu. Alisoma mpaka miaka kumi na mitano, kisha akaingia kwenye uashi wa mawe.

Kazi yake kubwa ni jengo hili mlimoketi. Wamethodisti walilijenga mwaka 1868, na lilipotufikia sisi Waspiritualisti, tunaozungumza na waliotangulia, paa lilivuja kama chujio. Clifford alilihangaikia miaka hamsini: matao ya madirisha, ngazi za mawe, roshani na nguzo zake nane za chuma. Mke wake hakuwahi kupapaswa kwa upole kama nguzo hizo. Nasema hivyo mimi, mkewe Maureen, wala sioni haya.

Mwaka 1961 alimwoa Enid, aliyefariki 1970. Tarehe 4 Juni 1974 alimwoa Maureen, lakini Enid hakukubali kuachia nafasi. Karibu kila Jumapili jioni, mjumbe anayetuletea salamu za marehemu alimnyooshea Clifford kidole pale benchi la mbele.

"Bwana wewe, nina Enid hapa. Anasema mfereji wa paa, upande wa kaskazini, umeziba."

Clifford akapanda juu. Kweli, umeziba!

"Wa jikoni kwetu nimekwambia mara tatu," Maureen alimwambia. "Au mpaka nife kwanza?"

Jumapili iliyofuata Clifford alihamia nyuma ya nguzo ya tatu, akakaa huko miaka arobaini na minne. Maureen alikataa kumfuata. Aliamini sasa ana wake wenza wawili, mmoja marehemu na mmoja wa chuma, na wivu ulimla kwelikweli.

Vumbi la mawe lilimharibia mapafu, akalazwa Januari 2019. Hapo ndipo Maureen alipomuuliza, "Cliff, ile nguzo ina nini hasa?"

"Haina kitu, mpenzi. Ukikaa nyuma yake mjumbe hakuoni. Enid alikuwa hanipati."

"Na miaka yote hukusema!"

"Ungenicheka."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari.

Ameacha mjane, watoto wawili, Janet na Keith, na wajukuu watatu. Huko aliko keshakutana na Enid, na hana nguzo ya kujificha. Hilo linaniuma. Apumzike kwa amani siku sita za juma. Jumapili jioni nitakuwa benchi la mbele, penye mwanga, namsubiri.