Utepe Uliomngojesha Tata Tharcisse

Tata Tharcisse Tshiamala alizaliwa Kasaji tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa Tata Kalala, karani wa reli, na Mama Mushiya. Shule ya msingi aliisomea hapo hapo, na uhandisi wa mawasiliano akausomea Lubumbashi.

Alianzia kazi katika mgodi wa Mashamba, kisha akawa mkuu wa mtandao katika chuo kimoja cha hapa Kolwezi. Hapo alikuta jambo lililomtia kinyaa: ujumbe wa kwenda chuo cha Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, ulipitia Ulaya kwanza. "Jirani iko hapa pembeni, na tunapita Bulaya juu ya kumusalimia! Habasikie haya?"

Mwaka 1996 alimwoa Mama Valérie Mukalay. Katikati ya karamu bwana harusi akapotea. Alikuwa juu ya paa akirekebisha antena ya jirani. Bibi harusi akasema, "Mi nilizania naolewa na mutu, kumbe ni câble!"

Kwa miaka mingi alibembeleza maofisi, hadi waya wa mtandao kutoka chuoni ukafika mpakani na kuunganishwa na mtandao wa vyuo vya Zambia. Agosti 2024 ulijaribiwa, ukafanya kazi vizuri. Kisha ukazimwa, na chumba cha mitambo kikafungwa, kwa sababu utepe wa uzinduzi haujakatwa! Mkubwa wa kuukata alikuwa safarini. Aliporudi, kamati ya sherehe ikawa inagombania rangi ya vitenge. Upuuzi mtupu.

Januari 2025 marehemu alishikwa na uvimbe kichwani. Picha za kichwa chake zilihitajiwa na daktari bingwa wa Ndola, Zambia. Waya wa njia ya Ulaya ulikuwa umekatika baharini. Mama Valérie akaenda kuomba chumba kifunguliwe, akajibiwa, "Ni protocole, mama. Tungojeke kidogo." Kijana wao Gracien akazibeba picha kwa gari. Alikuwa bado kwenye foleni ya malori mpakani baba yake alipofariki, tarehe 9 Februari.

Jana kamati ilileta shada la maua, limefungwa kwa utepe ule ule wa sherehe. Inachefua! Mama Valérie aliomba makasi, akaukata mbele yao. "Utepe umekatwa. Mulete funguo."

Walizileta.

Ameacha mjane, kijana wake Gracien, na binti yake Joyeuse, mwanafunzi wa Kitwe, Zambia, anayetusikiliza sasa hivi kwa waya wa baba yake, bila kupitia Ulaya. Mungu ampe baba yetu pumziko ambalo kamati ilimnyima.