Marehemu Hilda Baltazar Amsi (1975–2025), Aliyetaka Kutafuna

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Evarist, kwa niaba ya familia.

Hilda alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 huko Tumati, Mbulu, mtoto wa tatu wa mzee Baltazar Amsi na mama Fransiska. Kadiri alivyokua, taya lake la chini lilizidi kutangulia la juu, na meno ya mbele hayakukutana. Makande aliyaponda kwa ulimi na kumeza punje nzima nzima, na tumbo likamsumbua utotoni kote. Watu wakasema ana maringo ya chakula.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1983 hadi 1989. Darasa la nne mwalimu alimwondoa kwenye kwaya kwa sababu ya matamshi. Baadaye alisomea ushonaji Mbulu mjini kwa miaka miwili, akafungua kibanda Basotu. Wanafunzi wengi wa huko wamevaa sare za mkono wake.

Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Joseph Gidabuday wa Balangdalalu. Katika kila picha ya harusi amefunika mdomo kwa kitambaa. Joseph alimsihi akiondoe, akakataa. Kwenye sherehe za watu alikuwa akisema ameshiba, kisha anarudi nyumbani kunywa uji.

Mwaka 2013 daktari alimweleza kwamba taya linaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Ukoo ukakaa kikao. Mzee Hermani, kaka wa mumewe Joseph, alimwuliza Hilda, “Shemeji, umeolewa na umezaa. Uzuri wa nini tena?”

“Shikamoo shemeji,” Hilda alijibu. “Sitafuti uzuri. Natafuta kutafuna.”

Karatasi zake za rufaa ya matibabu zilirudishwa mara tatu, zimeandikwa kwamba huo ni urembo. Mara ya nne alikwenda na hindi la kuchoma, akaliweka mezani kwa ofisa aliyekuwa akizirudisha. “Naomba ulile hili bila meno ya juu kugusa ya chini,” alisema, “halafu uandike tena urembo.” Ofisa hakulila. Alisaini.

Alivaa waya za meno mwaka mmoja na nusu, akapasuliwa Dar es Salaam tarehe 9 Juni 2016. Wiki sita taya lilifungwa, akaishi kwa uji na maziwa ya mrija. Alikonda, akalia, na siku moja aliandika kwenye daftari kwamba anajuta. Aliporudi Basotu, mtu wa kwanza kumwona alisema, “Mbona hujawa mrembo hivyo?” Swali hilo Hilda aliulizwa kwa miaka minane, hadi akachoka kulijibu.

Ukweli ni kwamba midomo haikupona yote. Wa chini ulibaki na ganzi, chai ilimtiririka kidevuni asijue, na Joseph alikuwa akigusa kidevu chake mwenyewe ili ampe ishara. Lakini alikula nyama mbele za watu. Tumbo lilitulia. Wateja hawakumwomba tena arudie maneno. Mwanawe Lucia alikuwa na miaka tisa alipomwona mama yake akicheka bila kujifunika, kwa mara ya kwanza.

Mwezi Novemba 2024 alipata kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, uso ukavutwa upande mmoja. Mgeni mmoja aliinama kitandani na kusema, “Unaona, taya limeharibika tena, limekwenda upande.” Hilda, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, alimwambia bintiye Judith, “Mpe chai huyu. Aende.”

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, nyumbani Basotu. Wanaosema upasuaji ndio umemuua, wengine wakiwa wamekaa hapa hapa, wanaombwa na familia waache. Ulimpa miaka minane ya kula.

Ameacha mume, Joseph. Watoto watatu, Judith, Gerald na Lucia. Mama yake, Fransiska. Na ndugu wanne.

Mungu ampumzishe Hilda kwa amani. Na sisi tumwache apumzike, tusimwulize tena.