Ncha ya Jibini

Tramu ya jiji la Nantes, Ufaransa, ilijaa, na Odile alijifanya anatazama mvua huku masikio yote kayatega kwa akina mama wawili waliokaa mbele yake, wasiojuana.

"Dada yangu ni jaji mstaafu, ana miaka sitini," alilalamika mwenye kofia. "Kajipatia mchumba fundi wa kuezeka mapaa, miaka thelathini na minane! Jumapili kaja kula kwetu. Akashika kisu, akakata ncha yote ya kipande cha jibini cha pembetatu, akaila peke yake!"

"Ncha? Penye utamu wote?" Mwenzake alishika kifua. "Si hukatwa ubavuni, kila mtu aipate kidogo?"

"Mwambie yeye! Mama nusura azimie. Dada yangu anacheka tu, kama msichana wa shule."

"Basi anampenda, mwenzangu. Mwacheni."

"Tumwache, watu watucheke?"

Odile alitamani kuuliza kama huyo fundi ana kaka.

Tramu ikasimama. Mwenye kofia akainuka na kifurushi kinachonukia jibini.

"Kumbe anakuja tena?" mwenzake aliuliza.

"Leo hii." Akashuka, kisha akageuka, uso bado kaukunja. "Nimenunua jibini ya duara. Haina ncha."