Bwana Mizani na Mkongojo Wake

Wasifu huu umeandikwa na dada mdogo wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Ameamua ajiite humu "dada yake" tu, kama anavyoandikwa mtu mwingine yeyote, ili asipate mwanya wa kujitetea. Wengi mliokaa hapa mmesikia minong'ono kuhusu jinsi marehemu alivyolishwa nyumbani kwake. Kikao cha familia kimeitwa kesho saa nne asubuhi, na kila mtu anajua ni nani atakayewekwa kati. Tunaomba msikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1954, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mkulima wa bustani. Tangu utotoni hakupenda mtu apunjwe. Alikuwa akigawa mkate kwa rula ya baba yao, na siku moja dada yake alipolia kwamba kipande chake ni kidogo, alimpa rula apime mwenyewe. Vipande vilikuwa sawa. Dada yake aliendelea kulia vilevile.

Alianza shule ya msingi Januari 1962 na kumaliza sekondari mwaka 1973. Kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwenye kwaya mwalimu alimwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Baada ya mafunzo ya ufundi wa vipimo, aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1975 kama mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 2 Juni 2014. Alizunguka masokoni, buchani na madukani na begi lake la mawe ya kupimia, lililomwinamisha bega la kulia mpaka likabaki hivyo.

Mwenye bucha mmoja, ambaye yupo nasi leo, anakumbuka siku alipokuwa akipima nyama huku kidole gumba kimelala kwenye sahani ya mizani. Marehemu hakupaza sauti wala hakumwaibisha mbele ya wateja. Alisogea karibu akamwambia, "Ndugu yangu, toa kidole, halafu tuanze upya." Walianza upya, na wakawa marafiki. Ni yeye aliyempachika jina la Bwana Mizani.

Mke wake ni fundi cherehani. Walikutana mwaka 1981, siku alipoingia ofisini kwao na kitambaa begani na futikamba mkononi, akidai duka limempunja robo mita. Marehemu alikipima kile kitambaa mara tatu akitafuta kosa lake, akalikosa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1982, na wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Alipenda kusema kwamba alioa mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa kupima.

Shinikizo la damu lilimwandama kimyakimya kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2017 miguu yake ilianza kuvimba, viatu vikakataa kuingia, na Jumanne, tarehe 6 Februari 2018, alifungwa kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kusafisha damu. Kuanzia hapo alikwenda kila Jumanne na Ijumaa. Figo zake hazikutoa tena maji, kwa hiyo alichokunywa kilibaki mwilini mpaka siku ya mashine, na ndiyo maana alipimwa uzito kabla na baada. Bila maji ya ziada alikuwa na kilo sitini na moja na nusu. Nyumbani alichora mistari kwenye jagi ili asizidishe maji ya siku, na koo likimkauka alimung'unya kipande cha barafu.

Mke wake alikwenda kwa mtaalamu wa lishe na daftari lake la vipimo vya nguo, akarudi limejaa maelezo ya chakula. Viazi na mboga za majani alivikata vidogo, akavichemsha kwa maji mengi, akayamwaga, kisha akavichemsha tena kwa maji mengine. Kwenye yale maji ya kwanza hutoka madini ya potasiamu, ambayo yakizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Chumvi iliondoka mezani, vitunguu saumu na tangawizi vikachukua nafasi yake. Mayai, samaki na kuku hakumnyima hata siku moja, kwa sababu mashine inaponyang'anya uchafu hunyang'anya na kitu cha kujenga mwili.

Dada yake hakujua lolote kati ya hayo, na hakuuliza. Aliona maji ya viazi yakimwagwa kwenye sinki, akaona kaka yake amekonda, akajumlisha mwenyewe. "Wifi, unamwaga utamu wote, unamwachia makapi," alisema.

"Kaa, wifi, nikuonyeshe," mke wa marehemu alimjibu.

Hakukaa. Alitoka nje akampigia shangazi, akampigia binamu, akampigia kila mwenye masikio, kwamba kaka yao ananyimwa chakula. Minong'ono mliyoisikia ilianzia kwenye simu ile.

Jumamosi, tarehe 18 Mei 2019, mke alipokwenda kupeleka nguo za mteja, dada yake aliingia na ndizi mbivu sita, juisi ya machungwa na chupa ya mchuzi wa mifupa uliokolea chumvi.

"Mke wangu akijua, patachimbika," marehemu alisema.

"Atajuaje? Kula, kaka. Unakufa huku unajiona."

Alikula. Jumapili dada yake alirudi na shehena nyingine. Chumvi ikaleta kiu, kiu ikamaliza juisi, na kiu iliyobaki marehemu aliimalizia kwenye bomba la bafuni.

Jumanne, hospitalini, alijua mizani itamsema. Basi mtu huyu aliyetumia maisha yake kuwakamata wenye vipimo vya uongo alipanda mizani, akasimika mkongojo wake sakafuni pembeni, akaulalia kidogo ili ubebe sehemu ya uzito wake. Mizani ikasoma sitini na tatu na nusu. Muuguzi alimwamini, maana alikuwa Bwana Mizani. Mashine ilimwondolea maji kilo mbili, na nyingine mbili na nusu akarudi nazo nyumbani.

Jumatano, saa mbili asubuhi, alikuwa ameketi kitandani akihema kama aliyepandishwa mlima mbio. Mke wake alimkimbiza hospitalini, na dada yake aliwakuta huko roho ikiwa juu. Daktari alitoka nje, koridoni ndugu wakiwa wamejaa, akauliza, "Nani anampikia huyu mzee?"

Hapo ndipo dada yake alipopaswa kusema. Alisema, "Mke wake."

"Mama, tulikaa na wewe saa nzima," daktari alimgeukia mke. "Unataka kumuua?"

Mke wa marehemu alimtazama daktari, kisha akamtazama wifi yake. Asubuhi ile alikuwa ameyaona maganda ya ndizi, yamefungwa kwenye gazeti chini kabisa ya pipa la taka. Hakuyataja. Kutoka kitandani marehemu alivua kifaa cha oksijeni akasema, kwa sauti ndogo iliyowafikia waliokuwa mlangoni tu, "Mwacheni. Ni mimi. Niliulalia mkongojo." Aliyeleta vile vyakula hakumtaja, wala hakumtaja tena maishani. Lakini ndugu waliokuwa koridoni walisikia swali la daktari tu, wakaondoka nalo.

Juma lililofuata dada yake alikwenda kwa wifi yake kuomba radhi. Wifi alimpa kisu na beseni la viazi, akamwangalia akikata. "Hivyo ni viazi au matofali?" alisema. "Kata vidogo zaidi." Alijifunza. Marehemu aliishi miaka miwili na karibu miezi mitano zaidi kwa viazi vile vilivyochemshwa mara mbili. Kila alipofika kwenye mizani, muuguzi alinyoosha mkono na kusema, "Mkongojo, mzee," naye alimkabidhi dada yake aushike.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 2021, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Chakula chake cha mwisho kilikuwa yai na kipande cha mkate, na alimaliza chote.

Ameacha kaka wawili, watoto watatu na wajukuu wanne. Ameacha dada mmoja, aliyewaambia kwamba kaka yake ananyimwa chakula, na aliyesema uongo. Atafika kikaoni kesho saa nne, na kiti mlichomwandalia mke wa marehemu atakikalia yeye. Ameacha mke, aliyempimia kila kikombe na kila kijiko kwa miaka zaidi ya mitatu na nusu, na kunyamazia lawama isiyo yake ili mumewe asimpoteze dada.

Bwana Mizani apumzike kwa amani, na mke wake aachwe kwa amani.