Siku Kahawa Ilipotulia Kikombeni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa kiwanda cha nguo, upande wa geti, na mbele yake jiko la mkaa, birika na ndoo ya kusuuzia vikombe. Mwenye birika anaitwa Jiko, na hajawahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Ndiyo maana masikio yake ni mazima. Wateja wake wa kudumu ni wastaafu watatu wa kiwanda hichohicho. Yupo Katibu, aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, ambaye mpaka leo hawezi kuomba sukari bila kutoa hoja. Yupo Bi Kengele, mfumaji, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Na yupo Grisi, fundi wa mitambo, mkubwa wa mikono na mdogo wa pumzi, shemeji yake Bi Kengele, maana alimwoa dada yake, Mungu amrehemu. Wote watatu mashine za kufuma ziliwala masikio, kwa hiyo huongea kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto, na kila mmoja anaamini kwamba ananong'ona. Nyuma ya ukuta mashine hunguruma kutwa nzima, benchi hutetemeka, na kahawa haitulii kikombeni. Mgeni akikaa hapo hudhani ameingiwa na homa. Wao walishazoea.

Asubuhi hiyo walikuwa wametoka kusimama getini na bango lao, kama walivyofanya kila siku tangu mwezi uanze. Bango lilisema: MSTAAFU NI MFANYAKAZI ALIYETANGULIA. Ugomvi ulikuwa juu ya zahanati. Enzi zao waligoma mpaka ikakubaliwa kwamba aliyestaafu atatibiwa kwenye zahanati ya kiwanda maisha yake yote, kwa kuwa vumbi la pamba likishaingia kifuani halistaafu. Sasa uongozi mpya ulikuwa umebandika tangazo: zahanati ni ya walio kazini tu. Kwa wengine huo ulikuwa usumbufu. Kwa Grisi ilikuwa pumzi yenyewe. Zamani kifua kikimbana asubuhi alikwenda kwa nesi, akavalishwa barakoa ya dawa ya mvuke, akarudi kijiweni mtu kamili. Hospitali kuu ni mbali, na foleni yake inataka mgonjwa mwenye afya njema.

— Leo unapumua kama pampu mbovu, shemeji, — alisema Bi Kengele.

— Pampu mbovu hazipumui kabisa. Nimetengeneza nyingi, nazijua.

Katibu akagonga kikombe kwa kijiko.

— Kikao kitulie! Narudisha hoja ya jana. Tuwaombe vijana wa ndani watuunge mkono. Wazime mashine kidogo tu, meneja ashtuke.

— Na mimi narudisha jibu la jana, — alisema Grisi. — Hapana. Wale wana watoto wanasoma, wana kodi za nyumba. Mtu afukuzwe kazi kwa ajili ya kifua changu? Baada ya hapo nitakula chakula kishuke kweli?

— Basi tugome sisi wenyewe!

— Tugome nini, Katibu? — Bi Kengele aliangua kicheko. — Hatuna hata kazi ya kuacha.

— Tugome kustaafu.

— Ukigoma kustaafu si ndiyo unarudi kazini? Yaani umwadhibu meneja kwa kumfanyia kazi!

Katibu alifikiri, kisha akaomba hoja hiyo iahirishwe.

— Halafu punguza sauti, — Grisi alimwinamia sikioni. — Mambo ya kifua changu sitaki yafike huko ndani. Yaishie hapahapa kwenye benchi.

Aliyasema hayo kwa siri kubwa, na mwendesha baiskeli aliyekuwa ng'ambo ya barabara akageuka kumtazama.

Hapo ndipo kahawa ilipotulia.

Grisi aliiona kabla ya wenzake. Alikuwa amekishika kikombe usawa wa kidevu, na ile kahawa iliyozoea kucheza ikalala kimya mpaka akauona uso wake mwenyewe ndani yake. Mgongoni alisikia mngurumo ukiondoka. Haukukatika kwa mpigo. Ulianza kufa huko mwisho wa jengo, ukaja safu kwa safu kuelekea barabarani, mpaka benchi lenyewe likatulia. Mtaa ukabaki na sauti zake ndogondogo: redio ya kinyozi, mtu anafua, mtoto anakataa kuoga.

— Umeme, — alisema Jiko.

— Umeme gani, na redio ya kinyozi inaimba? — alijibu Katibu. — Hapo nyaya zimeibwa. Mwizi kaingia usiku, kang'oa nyaya zote.

— Mwizi wa usiku, mashine zizime asubuhi hii? — alisema Bi Kengele. — Mwizi gani huyo mzito hivyo? Mimi nawaambia, tajiri amekufa. Wamesimama kimya kumpa heshima.

— Tajiri yupi? Siku hizi kiwanda kina matajiri wengi mpaka hawajuani.

— Basi amekufa mmoja, wengine wanaulizana ni nani.

— Haiwezekani. Sikilizeni. — Katibu alisimama kabisa. — Wanaleta mashine zinazojifuma zenyewe, hazitaki mtu. Zimeletwa leo, na hizi za zamani zinatolewa kwa mlango wa nyuma.

— Zisizotaka mtu! Na zikiharibika zitajitengeneza?

— Zinajitengeneza. Zinajipaka na mafuta.

— Basi zitachoka nazo, — alisema Bi Kengele. — Zitadai likizo.

— Zikidai likizo nazisajili! — Katibu aling'aa kwa furaha. — Kadi za chama ninazo bado nyumbani!

Grisi hakucheka. Fundi yeyote anajua kwamba umeme ukikatika mashine hufa zote pamoja. Hizi zilizimwa kwa mikono, na mikono hiyo ilianzia safu ya nyuma. Kuanzia nyuma ilikuwa njia yao wenyewe, wao watatu na wenzao. Ofisi ya nyapara ilikuwa mbele, karibu na mlango, na safu ya nyuma kabisa ilifichwa na safu nyingine zote. Walipogoma walizima kutoka huko, kila safu ikiiga iliyo nyuma yake, na kimya kilipomfikia nyapara hapakuwa na wa kwanza wa kumnyooshea kidole. Kwa hiyo vijana walikuwa wamegoma. Na kama wamegoma, kuna mtu huko ndani ambaye huenda jioni ataingia nyumbani kwake hana kazi, kwa sababu ya babu mmoja mwenye kifua kibovu. Aliomba moyoni, kwa dhati kabisa, uwe ni umeme.

— Nimeshajua! — Bi Kengele alijipiga paja. — Huu ni mtego. Meneja kazima mashine makusudi ili asikie mipango yetu!

Wote watatu wakageuka wakautazama ukuta.

— Mama, — alisema Jiko taratibu, akimimina, — hata zikiwaka mnasikika.

Hakuna aliyemsikia, maana yeye huongea kama watu wengine.

Geti dogo likafunguliwa, akatoka msichana mfumaji mwenye ovaroli la bluu, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba! — walijibu wote kwa pamoja, na msichana akarudi hatua moja nyuma.

— Nimetumwa kwa Babu Grisi.

Hakuhitaji kuonyeshwa. Kile kifua kilijitambulisha chenyewe.

— Babu, nesi anakuita. Tangazo limebanduliwa, zahanati iko wazi kwa wastaafu wote kama zamani. Mchana meneja anakaa na chama waliweke sawa kwa maandishi, na Katibu ameombwa awepo.

Katibu alikaa, akasimama, akakaa tena.

— Ngoja kwanza, mjukuu wangu, — alisema Grisi. — Nani kafukuzwa?

— Hakuna.

— Usinifiche.

— Hakuna, babu. Meneja alitoka akauliza nani ameanza. Kila safu ikageuka kuangalia nyuma. Safu ya mwisho nayo ikageuka, ikaangalia ukuta. Sasa atamfukuza nani, ukuta?

Grisi alishusha pumzi, na ile pumzi ilichukua muda kushuka.

— Na habari za kifua changu nani kawaletea?

Msichana alimtazama Jiko. Jiko alichungulia ndani ya birika.

— Babu, mwezi mzima tunawasikia. Mashine zikiwaka tunawasikia. Tunaijua hoja ya Katibu. Tunaujua ugonjwa wako. Tunajua Bi Kengele anamwona mkwe wake mvivu.

— Nani kasema mvivu? Nimesema mzito!

— Na kila siku tunakusikia wewe unakataa tusumbuliwe, — msichana aliendelea, na sauti yake ikalainika. — Unataja watoto wetu, unataja kodi zetu. Mtu anakosa pumzi, na hiyo kidogo aliyonayo anaitumia kututetea sisi. Tungewezaje kukaa kimya?

Machozi yalimtoka Grisi, akayaacha yashuke. Bi Kengele alitoa ncha ya mtandio akamfuta shemeji yake bila kumwomba ruhusa.

— Asante, mwanangu, — alisema Grisi. — Nyumba yako ijae kheri.

— Usinishukuru mimi. Mimi nilikuta aliye nyuma yangu ameshazima. — Msichana alitabasamu, kisha akakaa pembeni mwa benchi kama mtu mwenye haja yake mwenyewe. — Ila wenzangu wameniambia niwaulize jambo moja. Hii ya kuanzia nyuma tulionyeshwa na waliotutangulia siku ya kwanza kazini, kabla hata hatujaonyeshwa choo. Leo imetukinga. Tunataka tumshukuru mwenyewe. Siku ile mlipogomea zahanati, nani hasa alizima wa kwanza?

Katibu alikohoa, akaweka sawa kola ya shati.

— Kwa nafasi yangu kama katibu wa tawi... — alianza, kisha akaishiwa. — Kusema kweli, mimi nilishtukia nyuma kumenyamaza, nikazima. Siku zote nimejua ni Grisi.

— Mimi? — Grisi alishangaa. — Mimi nilikuwa chini ya mashine, nafunga mkanda. Ilizimika juu yangu. Nilipotoka nikamkuta shemeji amesimama, mikono kiunoni. Nikajua ni yeye, na nikamheshimu tangu siku hiyo.

— Makubwa! — alisema Bi Kengele. — Nilishika kiuno kwa sababu kilikuwa kinauma. Yangu nilizima nilipoona ya jirani imesimama. Nilidhani ni mpango wa Katibu. Wewe baba, unadhani hoja zako zote hizi nimezivumilia kwa nini?

Walitazamana wote watatu. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa ameweka moyoni shukrani kwa mwenzake, kwa jambo ambalo mwenzake hakulifanya.

— Basi alikuwa nani? — msichana aliuliza.

Hakuna aliyejua. Katibu alitaja majina ya safu ya nyuma, mengi yao ya marehemu, na kila jina Bi Kengele alitikisa kichwa, huyu alikuwa mwoga, yule alikuwa likizo, huyu siku hiyo alikuwa anajifungua. Msichana akaanza kucheka.

— Hata leo ni hivyohivyo. Nimeuliza safu zote huko ndani. Kila mtu anasema alikuta imeshazimwa.

Jiko aliinamisha birika juu ya kikombe cha Grisi kumwongezea kahawa, likatoa tone moja tu. Grisi akasimama, akamshika msichana bega, wakaenda polepole mpaka getini. Hapo alisimama. Alitaka kushukuru, na hakumjua wa kumshukuru, kwa hiyo akainua uso kwenye madirisha yote ya ukumbi wa kufuma, yaliyokuwa yamejaa vichwa.

— Asanteni, wanangu! — alisema, akidhani amesema kwa upole.

Kule ng'ambo kinyozi alizima redio.

Baadaye akiwa amelala kitandani mwa zahanati, barakoa usoni na mvuke ukiteremka kifuani kama maji kwenye udongo mkavu, alihisi miguu ya kitanda inaanza kutetemeka. Mashine zilikuwa zinawashwa, safu kwa safu. Akaishusha barakoa.

— Asanteni, — alisema tena.

— Babu, rudisha hiyo, — nesi alimwambia, akimvalisha. — Wameshasikia. Mtaa mzima umesikia.