Bamvua la Mia Nne Hamsini na Tisa

Baba Mchungaji, mashehe mliotuheshimu kwa kuja, wanafunzi wa zamani, majirani wa Shangani, na ninyi mliotoka mdomo wa Ruvuma tangu alfajiri, familia imemkabidhi mdogo wa marehemu, Andrea Msengi, jukumu la kuisoma historia hii, na kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa kusahihisha hata kadi za harusi alizoletewa, kila tarehe iliyomo humu imehakikiwa mara mbili.

Mwalimu Beatrice Danieli Msengi alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 katika kijiji cha Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Danieli na Mama Raheli, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari mjini Singida mwaka 1975, na Januari 1976 akachaguliwa kuja kusomea ualimu hapa Mtwara, safari iliyomchukua siku tano, na barua yake ya kwanza nyumbani haikutaja chakula wala malaria, ilisema tu kwamba maji ya huku yanaondoka na kurudi kila siku, na hakuna anayeshangaa.

Mwaka 1978 alipangiwa kufundisha sayansi na jiografia katika kijiji kimoja kilicho chini ya Kitaya, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, ambako akina mama walilima mpunga pembezoni mwa mikoko. Mwaka uliofuata bamvua, yaani yale maji makubwa yanayokuja mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, lilivuka matuta na kuunguza mpunga kwa chumvi, ndipo Bibi Tatu, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote, akamfuata shuleni na kumwambia, "Mwalimu, chumvi hii ina miaka yake. Miaka mingine inakuja, mingine inatuacha. Wewe uliyesoma, tuambie ni miaka ipi." Wasomi wengine wangetunga jibu palepale ili kulinda heshima ya chaki, lakini Beatrice alisema hajui, na kwamba atalitafuta, na hapo ndipo alipojifunga kitanzi ambacho hakukivua hadi Jumatano iliyopita.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Ndugu Samweli Mhagama, karani wa bandarini, mwenyeji wa Songea, wakajaliwa Gladness mwaka 1982 na Danieli mwaka 1985, na leo wana wajukuu watano, ambao wote tuko nao hapa. Mwaka 1987 alihamishiwa mjini, familia ikahamia Shangani, na katika vitabu alivyoviazima huku na huku alikuta kwamba njia ya mwezi angani haitulii mahali pamoja, hupanda na kushuka kama mtu anayeyumba, na humaliza mzunguko wa kuyumba huko kwa miaka kumi na minane na miezi saba, na maji ya bahari hufuata. Vitabu vilisema hivyo kwa dunia nzima, lakini hakuna kilichosema ni vidole vingapi kwa shamba la Bibi Tatu.

Kwa hiyo tarehe 4 Januari 1988, siku ya mwezi mpevu, alisimika chini ya miamba iliyo mbele ya nyumba boriti la mkoko lililopakwa alama za sentimita, na tangu siku hiyo, katika siku tatu za kila bamvua, jioni maji yanapofika kilele, alikwenda na daftari kusoma yamegusa wapi, awe na homa, awe na mitihani ya kusahihisha, awe na mimba iliyoharibika, kama ilivyokuwa mwaka 1990. Alihesabu kwamba mzunguko mzima ni bamvua mia nne na sitini, na kwamba likirukwa moja hatakuwa na ujasiri wa kusema neno mbele ya watu. Ndugu Samweli aliliita boriti lile mume mwenzake, na alikuwa akilisalimia kwa heshima zote kila akipita.

Januari 1998, wakati wa mvua za Elninyo, mama yetu alifariki, Beatrice akaenda Iramba kuzika, barabara zikakatika, akakaa huko wiki saba, na daftari akamwachia jirani, Ndugu Kassimu, mvuvi, mtu mwaminifu ambaye hakukosa siku hata moja. Aliporudi alikuta maji yamepanda vidole kadhaa kuliko alivyoyaacha, akaandika pembeni kwamba ni Elninyo, akaendelea, na hatimaye mwishoni mwa Julai 2006 alikamilisha lile la mia nne na sitini.

Jumamosi tarehe 5 Agosti 2006 kulikuwa na pilau nyumbani, na watu waliokuwepo siku hiyo wengi mko hapa, mtakumbuka Ndugu Kassimu alivyosimama kwa fahari na kusema, "Mwalimu, leo nikutobolee siri. Boriti lako liling'oka mwaka ule wa Elninyo, wewe uko kwenye msiba wa mama. Siye tukalisimamisha upya, mimi na ndugu zangu, na hatukukwambia. Mfiwa hapokelewi na hasara nyingine." Watu walipiga makofi, maana ndivyo tulivyolelewa, mtu anayetoka kuzika haelezwi kwamba na mbuzi wake amekufa. Beatrice aliweka sahani chini na kuuliza kama walilikita kwa kina kilekile, na Kassimu akacheka, akajibu, "Kina kilekile? Zaidi, Mwalimu! Tulilididimiza hasa, ndiyo maana mpaka leo halijatikisika."

Hakuna aliyepima lilizama vidole vingapi, na kitu alichokuwa anakitafuta chote hakizidi vidole vinne, hivyo miaka minane na nusu ya mwisho haikuungana tena na kumi ya mwanzo. Beatrice alilia, familia haioni aibu kulisema, alilia chumbani hadi wageni wakaondoka bila kuaga, na Ndugu Samweli alipoingia alimkuta amejipangusa uso na anapiga hesabu nyuma ya daftari. Alimwambia mumewe, "Nina miaka arobaini na tisa. Nikianza Jumatano, nitamaliza nikiwa na sitini na saba." Ndugu Samweli akamuuliza, "Na usipoanza?" Akajibu, "Nitafika sitini na saba vilevile."

Jumatano tarehe 9 Agosti 2006, mwezi ukiwa mpevu, alianza upya na bamvua la kwanza, safari hii akiwa amepigilia misumari mitatu ya chuma kwenye mwamba ili boriti likisogea hata unywele lijulikane, na msaidizi wake alikuwa Kassimu yuleyule, kwa sababu alisema katika Mtwara nzima hakuna mtu mwenye uhakika wa kutorudia kosa hilo kumzidi yeye. Andrea, huyu anayewasomea, alimwandikia kutoka Singida kumshauri aachane na mambo hayo, astaafu kwa raha, akajibiwa kwa barua ya mstari mmoja iliyomtaka ashughulike na ng'ombe wake.

Mliosoma kwake mnakumbuka mambo aliyokuwa akiwaletea darasani kama mtu anayeleta maembe, kwamba siku hizi vyombo vinavyozunguka dunia vinapima kimo cha bahari kutoka angani, na kwamba mwezi wenyewe unatukimbia karibu vidole viwili kila mwaka, na kinachousukuma ni haya haya maji kujaa na kupwa. Alistaafu tarehe 3 Mei 2017, lakini watoto hawakuacha kuja, na mwaka jana redio ilipotangaza kwamba mwezi umefikia ukingo wa kuyumba kwake, jambo ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa amelisubiri tangu akiwa na miaka thelathini.

Alikuta maji ya bamvua yalipanda hadi mwaka 2015, kisha yakaanza kushuka kama vitabu vilivyosema, ila yalipaswa kushuka vidole vinne, na hadi mwaka jana yalikuwa yameshuka viwili tu. Vidole viwili vilivyobaki bahari imevishika, yaani bahari yenyewe imekuwa ikipanda, na kama ni kweli, basi mwezi utakapoyarudisha maji juu, karibu mwaka 2034, hayatafika pale mlipopazoea, yatapita. Bibi Tatu alifariki mwaka 1994 bila jibu, shamba sasa ni la binti yake, Zainabu, aliyeko hapa, na Zainabu alipomwomba Mwalimu amwambie walau kwa makadirio matuta yainuliwe kiasi gani, Mwalimu alikataa, akasema alishawahi kushangilia hesabu mbovu mara moja, na kwamba hatatoa jibu mpaka bamvua la mia nne na sitini liandikwe.

Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2013, Julai 2021 alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, na kuanzia hapo Gladness alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ukingoni, na marehemu akasoma boriti mwenyewe kwa darubini. Novemba mwaka jana figo zilianza kushindwa, alilazwa mara tatu, na kila mara alimuuliza daktari swali moja, kama atafika tarehe 2 Machi, na daktari, Mungu ambariki, hakumdanganya. Jumatatu wiki hii alimwita mumewe karibu, akamwambia namna ya kusubiri wimbi litulie kabla ya kusoma, na Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia.

Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, na bamvua la mia nne hamsini na tisa lilikuwa linaanza. Saa tisa alasiri, nyumba ikiwa imejaa watu na turubai bado linafungwa, Ndugu Samweli alisimama, akavaa viatu, akachukua daftari, na wazee wakamshika mkono wakimwambia, "Mzee Mhagama, kaa chini. Mfiwa hatoki." Alijibu kwamba mke wake ana kazi haijaisha, akatoka, na Ndugu Kassimu, ambaye macho yake sasa yana ukungu, akamfuata akiwa ameshika bega lake, na wale waliosema amechanganyikiwa walipotazama barabarani waliwaona wazee wawili wakienda polepole kuelekea majini. Aliandika kipimo, na jana pia alikwenda akaandika, ilhali kabla ya hapo, kwa miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kulifungua daftari lile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, majirani waliopika na kufua, wanakwaya, na ndugu zetu Waislamu mliochimba kaburi bega kwa bega na vijana wa kanisa, na inamshukuru kwa namna ya pekee Ndugu Kassimu, ambaye tangu juzi anajilaumu, aelewe kwamba dada yetu alishamsamehe siku ileile, kabla pilau haijapoa, na ndiyo maana alimpa kazi badala ya pole.

Ratiba tuliyoitangaza jana imebadilika, watu wengine wamenung'unika, na sababu ni hii. Mazishi yatakuwa saa tisa badala ya saa kumi, kwa kuwa maji leo yanafika kilele saa kumi na moja na dakika kumi, na anayeweza kutembea anaombwa asiende nyumbani kutoka makaburini, afuatane na Ndugu Samweli hadi pwani. Bamvua la mwisho ni Februari 28, na Machi mosi, na Machi 2, ambapo baadhi yenu huenda mkawa mmefunga, njooni kabla ya kufuturu, Zainabu na wenye mashamba wote mje, na vipimo vikishaandikwa hesabu itafungwa palepale ukingoni na jibu litasomwa kwa sauti.

Dada Beatrice, zimebaki mara nne, ya leo ikiwemo, na tumegawana zamu. Maji yatapimwa. Pumzika kwa amani.